Albamu ya picha za ukoo: maswali yanayoulizwa kila baada ya Desemba

Wachagga wakirudi nyumbani Desemba hupiga picha kuliko wanavyopiga usingizi. Kibosho, Machame, Marangu, Rombo, kila kihamba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba, kina kipaimara, harusi, ndafu au kikao cha ukoo, na kila mwenye simu ni mpiga picha. Januari ikifika, picha zimetawanyika kwenye simu za watu wote na hakuna aliye nazo zote. Kwetu kazi ya kuzikusanya nimepewa mimi, niko hapa Moshi mjini, na maswali ninayoulizwa ni yale yale. Nimeyajibu hapa. Ukoo mwingine mkiona yanawafaa, chukueni.

Picha si zipo kwenye grupu la WhatsApp? Albamu ya nini tena?

Zipo, ila zimeshapunguzwa. WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huibana ili isafiri haraka. Picha ya simu yenye megapikseli 12 ina nukta kama 4,000 kwa 3,000. Ikifika kwenye grupu, mara nyingi upande wake mrefu umebaki na nukta 1,600 hivi. Kwenye skrini hutaona tofauti. Utaiona siku ya kuchapisha, maana karatasi ya A4 ili itoke vizuri inahitaji nukta 2,480 kwa 3,508. Zile picha za marehemu zinazowekwa mbele ya jeneza, halafu uso una ukungu na macho hayasomeki, nyingi zimetolewa kwenye statasi yake usiku wa kuamkia mazishi.

Shida ya pili haionekani kwa macho. Ndani ya faili la picha kamera huandika tarehe, saa, aina ya simu, na wakati mwingine hata mahali. WhatsApp huyaondoa hayo. Tazama jina la picha iliyotoka huko: IMG-20241229-WA0014. Tarehe hiyo ni ya siku picha ilipoingia kwenye simu yako, haina habari na siku ilipopigwa. Harusi ya tarehe 21 ikirushwa kwenye grupu tarehe 29, kwa hesabu ya simu yako bibi harusi ameolewa tarehe 29. Na ile ambayo hukuifungua mapema, ukija kuigusa baada ya miezi kadhaa unaambiwa umwombe aliyetuma aitume tena. Naye simu yake ilishaibiwa Kariakoo.

Sasa nikutumieje bila kuiharibu?

Ukibonyeza alama ya kuambatisha, usiingie kwenye picha. Ingia kwenye nyaraka, kisha uitafute picha humo humo. Itakuja kama faili, haijabanwa, tarehe yake ikiwa ndani. Tangu 2022 WhatsApp inakubali faili la hadi GB 2 kwa njia hiyo, kwa hiyo hata video inapita. Kitufe cha HD kinasaidia kidogo lakini bado kinabana. Njia bora kuliko zote ni kuiweka mwenyewe kwenye albamu kupitia linki niliyoituma.

Albamu yenyewe iko wapi, na ni bure?

Iko Google Photos, kwa sababu simu nyingi za Android huja nayo na wa iPhone nao wanaipata. Bure ni GB 15 kwa kila akaunti, na hizo unagawana na barua pepe zako za Gmail na mafaili ya Drive. Mpaka mwisho wa Mei 2021 picha zilizobanwa kidogo zilikuwa hazihesabiwi. Tangu tarehe 1 Juni mwaka ule kila kinachopanda kinahesabiwa.

Picha zikiwa za MB 4 kila moja, GB 15 zinabeba kama 3,700. Ni nyingi, mpaka uguse video. iPhone ikirekodi kwa ubora wa 1080p inakula kama MB 60 kwa dakika. Kwa 4K, ubora wa juu zaidi, inakula kama MB 170. Hotuba ya mwenyekiti wa kamati, nusu saa, kwa 4K, imemaliza theluthi ya akaunti nzima, na hotuba zenyewe mnazijua. Kwa hiyo utaratibu wetu ni huu: picha zinapanda kwa ubora wake halisi, video fupi zinapanda, video ndefu zinaletwa kwa flashi na kukaa kwenye diski.

Nimeshaweka picha kwenye albamu ya pamoja. Naweza kuzifuta kwangu?

Subiri kwanza. Hili ndilo swali linaloliza watu. Picha uliyoiweka kwenye albamu ya pamoja bado ni ya akaunti yako na inakula nafasi yako. Ukiifuta, inatoka na kwenye albamu, isipokuwa kama mtu mwingine alishaihifadhi kwake. Mimi hupita na kuhifadhi zote, lakini nipe muda. Nikijibu “nimezichukua”, hapo uko huru.

Na kwa picha zako binafsi mambo ni hayo hayo: ukiifungua Google Photos na kufuta humo ndani, unaifuta simuni na mtandaoni kwa pamoja. Watu wengi hudhani wanapunguza mzigo wa simu tu, kumbe wanachoma kote kote. Kama shida yako ni simu kujaa, tumia kile kitufe cha kuongeza nafasi kwenye kifaa, kilicho kwenye menyu ya akaunti yako. Hicho huondoa simuni zile tu ambazo zimeshapanda. Ukishakosea, kimbilia kwenye pipa la taka: picha iliyokuwa imepandishwa hukaa humo siku 60, isiyopandishwa siku 30 kwenye Android, kisha haionekani tena.

Bando langu litapona?

Halitapona ukipandisha kienyeji. Picha 1,000 za MB 4 ni GB 4. Kwenye mipangilio zima upandishaji kwa data za simu, uache wifi peke yake, kisha siku uko kwenye wifi ya ofisini au ya mtoto wa jirani unaiacha inapanda yenyewe. Bando la usiku nalo linafaa, mradi simu iwe kwenye chaja na programu iwe wazi. Simu nyingi huiua programu inayofanya kazi kimya kimya ili kuokoa betri.

Ndugu wa Rombo, hasa upande wa Tarakea, ninyi mnajua wenyewe: simu hurukia mtandao wa Kenya bila kuaga. Zima data za nje ya nchi kabla ya kupandisha chochote. Ama shuka nayo mjini.

Kwa nini unabadilisha majina ya albamu tunazotengeneza?

Kwa sababu mnaziita “Picha mpya”, “Xmas” na “Mambo ya home”. Zikifika tano za “Xmas”, nani anajua ipi ni ipi? Naanza na mwaka, mwezi, siku, kisha tukio, kisha mahali: 2024-12-21 Harusi Kibosho. Kompyuta ikizipanga kwa herufi zinajikuta zimepangika kwa tarehe bila mtu kusumbuka. Ukianza na siku, yaani 21-12-2024, harusi zote za tarehe 21 za miaka yote zitakaa pamoja, jambo ambalo halimsaidii mtu.

Mbona picha za siku moja zimechanganyika, keki inakatwa kabla ya watu kutoka kanisani?

Saa za kamera. Simu hujirekebisha zenyewe zikigusa mtandao, kamera hazifanyi hivyo. Ndugu aliyetoka Ujerumani na kamera yake yuko nyuma yetu saa mbili majira ya baridi, na picha zake zote zitatangulia za wengine kwa saa mbili. Ukifika nyumbani, kabla hujala, rekebisha saa ya kamera. Ikishatokea, usihangaike na picha moja moja: niletee mafaili yote ya kamera hiyo, kwenye kompyuta nayasogeza saa mbili mbele kwa mkupuo.

Nimepeleka picha za iPhone steshenari, wanasema hazifunguki.

Ni za aina ya HEIC. Tangu 2017, ilipotoka iOS 11, iPhone huhifadhi hivyo kwa sababu faili linakuwa dogo, na kompyuta nyingi za zamani hazilielewi. Kwenye mipangilio ya kamera, sehemu ya miundo, chagua ile inayosomwa na vifaa vingi. Kuanzia hapo zitakuwa JPEG. Kwa zilizokwisha kupigwa, zilete tu, kuzigeuza si kazi.

Bibi ana picha za karatasi kwenye boksi. Tuzifanyeje?

Hapa naomba mnisikilize, maana za simu zinaweza kupigwa tena Desemba ijayo, za boksi hazina Desemba nyingine.

Msizitoe kwenye albamu kwa nguvu. Zile albamu zenye kurasa za gundi na nailoni juu, gundi imeshashika mgongo wa picha; ukivuta, uso unabaki kwenye ukurasa. Skani ukurasa mzima kama ulivyo. Vumbi liondoe kwa brashi laini, kavu. Msitumie maji, mate wala kanga iliyoloweshwa, hata kama shangazi anasisitiza ndivyo walivyokuwa wakifanya. Picha zilizokaa jikoni zina moshi, na za huku juu migombani zina kuvu kwa sababu ya unyevu wa masika; hizo zitengwe na nyingine, ziwekwe kivulini zikauke kabla ya kuguswa.

Kuskani, nukta 300 kwa inchi zinatosha kama utachapisha kwa ukubwa ule ule. Ndogo, hasa pasipoti na zile za studio za kona zilizokatwakatwa, nenda 600. Picha ya inchi 4 kwa 6 ikiskaniwa kwa 600 inakupa nukta 2,400 kwa 3,600, inakaribia kabisa kujaza A4. Mwambie kijana wa steshenari namba hiyo kabla hajaanza, maana mashine zao zimewekwa kwa ajili ya vyeti na vitambulisho. Kama skana haipo, simu inafanya kazi: picha iwe mezani karibu na dirisha, mchana, bila flashi ya kamera, wewe ukiwa juu yake wima ili pembe zisipinde.

Skani na mgongo wake. Nyuma ndiko kuna muhuri wa studio, tarehe, na yale maandishi ya “ukumbusho kwa dada mpendwa” ambayo mara nyingine ndiyo habari yote iliyobaki. Wala msikate kando ili watu wajae vizuri kwenye fremu. Picha nyingi za wazee wetu zimepigwa uani, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ikiwa nyuma, na ile barafu ya nyuma ya kichwa cha babu siyo ya leo: wanasayansi wamepima kwamba kati ya 1912 na 2007 mlima ulipoteza takriban asilimia 85 ya eneo la barafu yake. Anayekata pembeni anakata na hilo.

Kisha kaa na bibi. Hii ndiyo kazi yenyewe, na haihitaji bando. Muwekee picha mbele, washa kinasa sauti cha simu, muulize moja moja: huyu nani, mtoto wa nani, hapa ni wapi, nani aliyepiga. Usimharakishe. Akikosea mwaka, usimsahihishe hapo hapo, mwache aendelee, atajisahihisha mwenyewe akifika kwenye gauni la mtu fulani. Sauti hiyo ihifadhiwe na picha. Majina yaandikwe kwenye maelezo ya picha kuanzia kushoto kwenda kulia, mstari wa nyuma kwanza, na mtu asiyejulikana aandikwe hajulikani, msimkisie. Ukitaka kuandika kwenye karatasi yenyewe, tumia penseli laini, nyuma, pembeni. Wino wa peni huvuja, na ukikandamiza mstari unatokea usoni.

Na kanda za harusi za miaka ya tisini?

Harakisheni. Kanda za VHS zinaisha kwa namna mbili: utepe wenyewe unachoka, na mashine za kuzichezesha zinakwisha. Funai ya Japani, kampuni ya mwisho kutengeneza deki hizo, iliacha Julai 2016. Deki inayofanya kazi ukiiona kwa fundi, iheshimu. Usijaribu kanda yenye kuvu kwenye deki nzima, utaharibu vyote viwili. DVD za miaka ya elfu mbili nazo zinyonyeni sasa. Zile za kuchoma nyumbani rangi yake hufifia na DVD inagoma bila taarifa.

Flashi moja haitoshi?

Haitoshi. Kanuni wanayoitumia wapiga picha, iliyoenezwa na Mmarekani Peter Krogh, ni nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili tofauti, moja ikiwa mbali. Kwetu imekuwa hivi: mtandaoni, diski iliyoko Moshi, na diski nyingine kwa shemeji Dar. Nyumba ikiungua au maji yakiingia, hayataunguza na kulowesha pande zote mbili siku moja. Flashi ni ya kusafirishia. Ukiiacha droo miaka kadhaa bila umeme inaweza kusahau ilichobeba.

Nikigusia flashi: ile ya TB 2 inayouzwa bei ya chakula cha mchana ni bandia. Imedanganywa kusema ina nafasi, ukijaza inaandika juu ya picha za mwanzo na hutajua mpaka ufungue. Na kama video yako kubwa inakataa kuingia kwenye flashi iliyo tupu, tatizo ni mfumo wa FAT32, haupokei faili linalozidi GB 4. Iumbize upya (format) kwa exFAT, baada ya kutoa vilivyomo.

Nani anaona picha zetu?

Yeyote mwenye linki, ikiwa albamu imeshirikishwa kwa linki. Linki ya ukoo ikirushwa kwenye grupu la wahitimu wenzako, imeshakuwa ya wahitimu. Kwa hiyo albamu za kawaida zina linki, albamu tatu hazina, zinafunguliwa kwa mtu mmoja mmoja: za watoto wakiogeshwa na kuvaa nusu nusu, za wagonjwa, na za msiba. Picha ya marehemu ndani ya jeneza haiendi albamu ya jumla, hata akiomba mtu mzima. Wanaotaka kuiona wataomba wafunguliwe, na wengi hawaombi.

Nimezima pia mahali pasionekane kwenye albamu zenye linki. Picha iliyobeba mahali inamwonyesha mgeni kihamba kilipo, na picha za Januari zinamwambia kwamba wenyewe wamesharudi mjini.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na kuna Tume yake. Sisi hatuhitaji kufika huko. Mtu akisema “nitoe”, anatolewa siku hiyo hiyo, bila kuulizwa sababu. Mke aliyeachana na ndugu yetu naye ni mtu.

Mpiga picha wa harusi anasema picha ghafi, zilivyotoka kamerani kabla ya kusafishwa, hatoi.

Mlipaswa kulizungumza kabla ya kutoa kianzio. Wapiga picha hufuta memori ili wakapige harusi ya wiki inayofuata, ukienda baada ya miezi sita hana cha kukupa hata akitaka. Andikeni kwenye makubaliano: picha zote zilizosafishwa kwa ukubwa wake kamili, video kama faili na siyo DVD peke yake, na muda atakaozitunza. Ghafi zenyewe kwa kweli hamzihitaji, hamna programu ya kuzifungua.

Nipandishe zote nilizonazo?

Hapana. Kibo ikijitokeza alfajiri kila mtu anatoka nje na simu, na mimi napokea mlima ule ule kwa makumi. Chagua mmoja. Picha ambayo mtu kafumba macho, toa, isipokuwa ndiyo pekee aliyomo.

Nywila anayo nani?

Mimi na binamu yangu wa Arusha. Akaunti isiyofunguliwa miaka miwili Google wanaweza kuifuta na vilivyomo, kwa hiyo kila mmoja wetu anaingia mara kwa mara hata kama hana la kufanya. Namba ya simu ya kurejeshea ni ya laini inayotumika. Laini ukiitelekeza kampuni inaigawa kwa mtu mwingine, na ujumbe wa kufungulia akaunti utamfuata huyo.

Mwisho wa kupandisha ni lini?

Tarehe 31 Januari nafunga ruhusa ya kuongeza, napanga, nanakili kwenye diski mbili. Ukichelewa, weka kwenye flashi, ifunge kwenye bahasha yenye jina langu, mpe kondakta wa basi la Moshi na unitumie namba ya gari. Nitaifuata stendi.